Uhakiki na Uthibitishaji: Istilahi za Kupima Programu za Darubini ya Eksirei

Mtu anayeandika kwa Kiswahili juu ya kazi za kompyuta katika sayansi hupatwa mara kwa mara na tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Kiingereza kina maneno mawili, yote yakianza kwa herufi moja na kusikika kama ndugu, ambayo wahandisi wamekubaliana kuyatenga. La kwanza ni la kuuliza kama programu imetungwa sawasawa na ilivyoagizwa. La pili ni la kuuliza kama majibu ya programu hiyo yanaafikiana na mambo yalivyo. Sisi tumekuwa tukiyapokea yote mawili kwa mlango mmoja. Mfasiri huyu huandika "kuthibitisha", yule huandika "kuhakikisha", wa tatu huandika "kuhakiki", na pengine mfasiri mmoja hutumia yote matatu katika ukurasa mmoja ili asirudierudie neno. Katika habari za kawaida jambo hili halina madhara. Katika sayansi linayo, na madhara yenyewe twataka kuyaonyesha kwa kisa ambacho kimefungamana na lugha yetu kwa jina, na pwani yetu kwa mahali.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani. Mahali pale palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta: roketi hupata msukumo wa bure kutokana na mzunguko wa dunia, na njia ya setilaiti hukwepa kwa sehemu kubwa maeneo yenye chembe nyingi za umeme ambazo huvuruga vipimo. Hiyo ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake. Katika karatasi za mradi ilitajwa kwa kifupisho tu. Bibi Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi, ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wa pale. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei angani.

Hivyo neno la Kiswahili limeingia katika vitabu vya falaki vya lugha nyingi duniani, ilhali Kiswahili chenyewe kingali kinababaika kueleza setilaiti hiyo ilifanya nini. Yatupasa kulitazama jambo hili bila haya.

Tuanze na chombo chenyewe. Eksirei zitokazo angani hazifiki chini. Hewa huzimeza zote. Kwa hiyo hapana budi chombo kipelekwe juu ya hewa. Wako wanaosema kwamba si haki kukiita chombo cha namna hii darubini, kwa sababu Uhuru haikuwa na kioo wala lenzi: ilikuwa na masanduku ya gesi ya kuhesabia mionzi, yaliyofunikwa kwa vijibomba vya kuzuia mionzi ya pembeni, nayo ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa muda wa kama dakika 12, ikifagia anga. Pingamizi hilo halina nguvu. Neno darubini limetoka Uajemi, na maana yake ya asili ni kuona mbali; halitaji kioo. Na zaidi ya hayo, darubini za eksirei zilizofuata zina vioo, ijapokuwa ni vioo vya namna ya pekee. Eksirei ikigonga kioo kwa kukielekea moja kwa moja huzama ndani yake. Lakini ikikijia kwa mshazari mkali mno hudunda, kama kigae wanachokirusha watoto kikaruka juu ya maji. Darubini ya Chandra, iliyorushwa na Marekani mwezi Julai 1999, na ile ya XMM-Newton, iliyorushwa na nchi za Ulaya mwezi Desemba mwaka huo huo, zote zatumia vioo vya mshazari.

Lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni kwamba darubini hizi hazipigi picha. Eksirei kutoka mbali huja chache mno hata kila fotoni huandikwa peke yake: saa iliyofika, mahali ilipoangukia, na nguvu zake. Kinacholetwa duniani ni orodha ndefu ya tarakimu, ambayo twapendekeza iitwe orodha ya matukio, kila fotoni ikiwa tukio moja. Picha nzuri zenye rangi ambazo msomaji amepata kuziona magazetini hazikuwako angani kwa sura ile; zimetolewa na programu katika orodha ya matukio. Hali kadhalika mchoro wa nguvu za fotoni, na habari za chanzo kinachopigapiga kama moyo. Kati ya nyota na mtaalamu pamesimama programu, na mtaalamu hana njia nyingine ya kuifikia nyota ile.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 1971 wataalamu wa Uhuru, Minoru Oda akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi, walitangaza kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kina mapigo ya kipindi cha kama sehemu 73 katika 1,000 za sekunde. Habari hiyo ilikuwa nzito. Mapigo ya kawaida, yasiyobadilika, ni dalili ya nyota ngumu inayojizungusha, yenye doa liangazalo ambalo hutuelekea katika kila mzunguko. Muda si muda wataalamu wengine, wakitumia roketi, walipata vipindi vingine, visivyolingana na hicho wala chenyewe kwa chenyewe. Mwaka 1972 mtaalamu James Terrell alilitazama jambo hili kwa njia nyingine. Alichukua mimweko ya nasibu, yaani mimweko isiyo na mpangilio wowote wa saa, kila mmoja ukidumu kwa sehemu ya sekunde, akaonyesha kwamba ukiipitisha katika hesabu zile zile utaona vipindi ndani yake, navyo vitabadilika kila ukichukua kipande kingine cha data. Mapigo ya Cygnus X-1 yaliondoka katika vitabu. Leo twajua kwamba chanzo hicho ni shimo jeusi, ambalo makadirio ya mwaka 2021 yanasema uzito wake ni kama mara 21 ya Jua letu, na shimo jeusi halina uso mgumu wa kubeba doa.

Wala tusiwacheke wataalamu wale. Mwaka huo huo wa 1971, kwa setilaiti hiyo hiyo, walipata mapigo ya sekunde 4.8 katika chanzo kiitwacho Centaurus X-3, na mapigo hayo ni ya kweli hata leo. Chombo kimoja na hesabu za aina moja zilitoa jibu la kweli hapa na jibu lisilo la kweli pale.

Je, kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika ujumlishaji wala utoaji. Lau angeitwa mkaguzi akaisoma programu mstari kwa mstari na kuilinganisha na kanuni iliyoagizwa, angeona kila kitu ni sawa, angetia sahihi na kwenda zake. Kilichokosekana ni swali jingine kabisa: programu hii ingesema nini kama ingepewa kitu ambacho hakina mapigo? Mwandishi wa Kiswahili anayesema tu kwamba "programu ilithibitishwa" hatuelezi ni swali lipi lililojibiwa, na mwanafunzi anayemsoma ataamini mapigo ambayo hayako.

Mfano wa mshonaji waweza kutusaidia. Mteja ameleta vipimo vya kanzu vilivyoandikwa katika karatasi. Mshonaji ameikata na kuishona. Akitandaza kanzu juu ya meza na kuipima kwa utepe, urefu ni ule ule, mabega ni yale yale, basi kazi imekwenda sawa na agizo. Lakini mwenye kanzu akiivaa na shingo ikambana, agizo lenyewe lilikuwa na kasoro, na utepe hauwezi kulisema hilo hata ukipitishwa mara 100. Kuna kupima kanzu mezani, na kuna kuivaa.

Kwa lile la mezani twapendekeza neno uhakiki, na kwa lile la mwilini neno uthibitishaji.

Twajua kuna watakaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wa kwanza watasema kwamba uhakiki ni mali ya wanafasihi, na mwanafunzi wa sekondari akilisikia neno hilo hukumbuka riwaya na tamthilia. Ni kweli, lakini ofisi zetu zimekwisha kulitumia neno hilo kwa kazi nyingine iliyo karibu sana na hii. Katika uhakiki wa vyeti, karani huchukua cheti na kukilinganisha na daftari. Karatasi hulinganishwa na karatasi. Hapana anayemwomba karani apime kama mwenye cheti anaijua kazi. Hivyo ndivyo hasa ilivyo kazi ya kuilinganisha programu na agizo lake. Wa pili watasema kwamba tumeyapindua maneno, kwa kuwa asili ya hakiki ni haki, yaani kweli, na asili ya thibitisha ni thabiti, yaani imara. Basi ukweli ungepewa neno la kwanza. Hoja hii ina uzuri wake kwa mpenzi wa Kiarabu. Sisi twashika matumizi kuliko asili. Mahakamani shtaka huthibitishwa kwa mambo yaliyotendeka nje ya mahakama, wala si kwa kuonyesha kwamba hati ya mashtaka imeandikwa vizuri. Msemaji wa Kiswahili akisikia "imethibitika" huelewa kwamba jambo lenyewe ndivyo lilivyo.

Maneno mengine tumeyapima tukayaacha. Kuhalalisha ni la sheria na dini. Kusahihisha ni kuondoa makosa, na mtu anaweza kuithibitisha programu bila kusahihisha chochote. Ithibati limekwisha kushikwa na shughuli ya kuvipa vyuo na maabara kibali cha ubora, liachwe huko. Majaribio ni neno pana linalofaa kwa yote mawili, nalo libaki pana. Na izingatiwe tofauti baina ya uthibitishaji, ambao ni tendo, na uthibitisho, ambao ni matokeo ya tendo hilo. Waandishi wengi huweka la pili mahali pa la kwanza.

Sasa tueleze uthibitishaji hufanywaje, kwa maana istilahi isiyojua kazi yake haidumu. Ugumu ni huu: hakuna mtu anayeweza kwenda kwenye Cygnus X-1 akaangalie jibu sahihi. Mshonaji ana mteja. Mtaalamu wa falaki hana. Njia anayoitumia kwanza ni kujitengenezea anga ambayo yeye mwenyewe anajua majibu yake. Huamua, kwa mfano, kwamba kuna chanzo chenye joto kadha na mwanga kadha. Huiagiza kompyuta itunge orodha ya matukio kama ambayo chanzo hicho kingeiletea darubini, pamoja na bahati nasibu ya kuhesabu. Kisha huipa programu orodha hiyo bila kuiambia jibu, na kuangalia kama itarudisha joto na mwanga ule ule. Kwa Chandra iko programu iitwayo MARX, iliyotungwa katika chuo cha MIT huko Marekani, ambayo huifuata kila fotoni ya kubuni tangu inapoingia kwenye vioo mpaka inapoangukia.

Data za namna hii zimepata kuitwa kwa Kiswahili data bandia. Twashauri jina hilo liachwe. Bandia kwetu ni noti na dawa: kitu kilichotengenezwa ili kimdanganye mtu. Data hizi hazimdanganyi mtu yeyote. Aliyezitunga anatangaza kwamba amezitunga, na faida yao yote iko katika kutangaza huko. Data mwigo ni jina la haki zaidi, na tendo lenyewe liitwe uigaji.

Tutoe mfano ambao msomaji anaweza kuukokotoa kwa kalamu. Chukua chanzo ambacho kwa kweli huleta wastani wa fotoni 10 kwa dakika. Tumepima dakika mbili. Kwa bahati nasibu dakika ya kwanza zimekuja 8, na ya pili 12. Mtu wa kawaida atasema wastani ni 10. Lakini iko kanuni maarufu, inayofundishwa vyuoni, isemayo kwamba kila kipimo kipewe uzito kulingana na uhakika wake, na kwamba kipimo cha fotoni 8 kina wasiwasi mdogo kuliko cha fotoni 12, kwa kuwa wasiwasi hukua pamoja na hesabu. Basi 8 hupewa uzito wa moja ya nane, na 12 uzito wa moja ya kumi na mbili. Ukokotoe hivyo utapata 9.6. Kile kipimo ambacho kwa bahati tu kilipungua kimepewa sauti kubwa kuliko kile ambacho kwa bahati tu kilizidi, na jibu limevutwa chini.

Fanya hivyo hivyo kwa chanzo kikali, cha fotoni 980 na 1,020. Utapata 999.6. Upungufu ni ule ule wa 0.4, lakini katika 1,000 hakuna atakayeuona, na katika 10 ni asilimia 4. Mwaka 1979 mtaalamu Webster Cash alichapisha kanuni ya kupimia ambayo haina kasoro hii, nayo yatumiwa mpaka leo kwa vyanzo hafifu. Ila ile ya zamani nayo haikutupwa.

Tunausimulia mfano huu kwa sababu unaleta jambo la sarufi. Programu yenye kanuni ya zamani ikihakikiwa itashinda: imeagizwa kugawanya, imegawanya. Ikithibitishwa kwa data mwigo za chanzo kikali itashinda pia. Ikipewa data mwigo za chanzo hafifu, mara 1,000, kila mara kwa bahati nyingine, wastani wa majibu yake utakuwa chini ya 10, na hapo ndipo itakapojulikana. Kwa hiyo kitenzi kuthibitisha, katika maandishi ya kitaalamu, kisisimame peke yake. Isiandikwe "programu hii imethibitishwa" na kuishia hapo. Iandikwe imethibitishwa kwa jambo gani na mpaka wapi: kwa vyanzo vya mwanga huu, kwa nguvu hizi, kwa toleo hili. Mtunzi wa kamusi ya istilahi angefaa kuuonyesha uambatanisho huo katika mifano yake ya sentensi.

Data mwigo zina udhaifu mmoja mkubwa. Ili kuzitunga yapasa tujue darubini huitikiaje: katika fotoni 100 za nguvu fulani zinazoingia, ni ngapi zinazohesabiwa, na ngapi zinazoandikwa kwa nguvu zisizo zake. Habari hizo huwekwa katika jedwali la mwitikio. Programu ya kuchambua nayo hutumia jedwali hilo hilo kugeuza hesabu kuwa maelezo ya nyota. Jedwali likiwa na kosa, kosa litaingia kwa mlango wa mbele wakati wa kuiga na kutoka kwa mlango huo huo wakati wa kuchambua, na jibu litakuwa safi kabisa. Kwa hiyo lazima jedwali lenyewe lipimwe kwa kitu kilicho nje yake.

Kwa tendo hili twalo neno tayari, nalo ni ugezi. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, ambamo mizani na vipimajoto hulinganishwa na vipimo vya kuaminika. Hatuoni sababu ya kuunda neno jingine kwa ajili ya darubini, wala ya kulichanganya na uthibitishaji. Mkaguzi wa vipimo anayepita sokoni na mawe yake ya mizani haulizi kama muuza maharage anajua kujumlisha. Anaweka jiwe la kilo moja na kuangalia mshale.

Vioo vya Chandra vilifanyiwa ugezi kabla ya kurushwa, huko Huntsville, Alabama, katika bomba lenye urefu wa zaidi ya mita 500, chanzo cha eksirei kikiwa upande mmoja na vioo upande wa pili. Lakini chombo kikisha kwenda angani hubadilika. Utando mwembamba wa uchafu ulianza kujijenga juu ya kichujio mbele ya kamera moja ya Chandra na kuzila fotoni zenye nguvu ndogo, na jedwali lake limekuwa likirekebishwa tangu hapo. Mwezi Januari 2009 jedwali la vioo nalo lilibadilishwa, kwa kuzingatia utando mwingine mwembamba mno, na joto la makundi ya galaksi yaliyo moto sana likashuka katika vitabu. Data ni zile zile, programu ni ile ile. Kilichobadilika ni jedwali. Na hakuna fundi anayeweza kwenda kupangusa: Chandra huzunguka mbali kiasi cha kufika theluthi moja ya njia ya mwezini.

Basi jiwe la mizani linatafutwa angani. Kwa miaka mingi jiwe hilo lilikuwa Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo kulipuka kwake kulionekana duniani mwaka 1054. Ni kali, na ilidhaniwa haibadiliki, hata wataalamu wakaifanya kipimo: chanzo fulani husemwa kina sehemu kadha katika 1,000 za mwanga wa nebula hiyo. Hapa mfasiri anategwa. Kwa gimba lenyewe Nebula ya Kaa ni tafsiri nzuri, mnyama ni yule yule. Kwa kipimo, "Kaa mbili" na "nusu Kaa" hayapendezi, na neno lenyewe lina maana nyingine za makaa na za kuketi. Twashauri kipimo kifuate desturi ya mita na gramu, kiandikwe krabu, na sehemu yake ya 1,000 milikrabu.

Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba jiwe la mizani lilikuwa limepungua. Kati ya mwaka 2008 na 2010 mwanga wa Nebula ya Kaa katika eksirei zenye nguvu kubwa ulishuka kwa kama asilimia 7. Lililowezesha kugundua hilo ni kwamba setilaiti kadhaa tofauti ziliona upungufu mmoja kwa wakati mmoja. Kila moja ingekuwa peke yake, ingejishuku yenyewe na kulirekebisha jedwali lake ili Kaa arudi pale pale, na kwa kufanya hivyo ingeviharibu vipimo vyote vingine.

Kulinganisha chombo na chombo kwa namna hii twakuita ugezi mtambuka. Tangu mwaka 2006 wataalamu wa darubini mbalimbali za eksirei wamekuwa na jumuiya ya kufanya kazi hiyo, na kazi yenyewe si ya adabu tu. Mwaka 2015 ilichapishwa ripoti iliyolinganisha makundi 64 ya galaksi yaliyotazamwa na Chandra na XMM-Newton pia. Kwa makundi yaliyo moto sana, ya zaidi ya nyuzi milioni 100, XMM-Newton ilitoa joto la chini kwa karibu asilimia 23. Kwa kuwa joto ndilo linalotumiwa kukadiria uzito wa kundi zima, na uzito wa makundi ndio unaotumiwa kukadiria historia ya ulimwengu, pengo hilo si la kufumbia macho. Programu za pande zote mbili zilikuwa zimehakikiwa, na kwa data mwigo zake kila moja ilikuwa ikirudisha majibu yake sawasawa. Mwandishi asiyekuwa na maneno matatu, uhakiki, uthibitishaji na ugezi, atayaelezaje mambo haya bila kumfanya msomaji adhani kwamba kuna mtu aliyekosea kujumlisha?

Limebaki neno moja linalotusumbua. Katika lugha ya vipimo, kila kinachochafua kipimo kwa nasibu huitwa kelele, na neno hilo limekwisha kuenea katika redio na simu. Hatuna nia ya kulipinga. Lakini turudi Cygnus X-1. Mimweko ile ya nasibu iliyoleta mapigo ya uongo haikuwa uchafu wa chombo. Yatoka kwenye gesi yenyewe inayozunguka na kuanguka katika shimo jeusi, na leo wataalamu wanaichunguza kwa bidii kwa sababu hubeba habari za mahali pale pasipoweza kuonekana kwa njia nyingine. Kuiita kelele ni kusema kwamba itupwe. Kuiita mapigo ni kurudia kosa la mwaka 1971. Mmoja wetu amependekeza myumbo, kama vile mwali wa kibatari unavyoyumba upepo ukiupitia. Mwingine asema kuyumba kuna mwendo wa kwenda na kurudi, ambao ndio hasa tunaoukanusha. Wavuvi wa dagaa, ambao hukesha na karabai baharini usiku kucha, bila shaka wana jina la taa inayozidi na kupungua ovyo bila kuzimika. Msomaji anayelijua neno hilo, la lahaja yoyote ya pwani au ya maziwa, twaomba atuletee.